Mpishi Hakuulizwa

Mwezi uliopita nilirudisha buti za kampuni, na vijana wa ofisini wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kutembeza wageni kwa miguu kule juu, Ngorongoro. Nadhani walitaka habari za simba. Simba nimewaona, nao wameniona, tukaachana salama. Mimi nitaandika juu ya kuumwa kwa sababu ya kupanda juu, maana hicho ndicho kilichoninyima raha miaka yote hiyo. Hata sasa mtu akikohoa vibaya kanisani nageuka kumtazama midomo. Mwenye kutaka simba amuulize dereva yeyote, atampa na chumvi.

Mimi ni mtu wa Karatu, vijiji vya juu, kwenye baridi. Nilianza kama mwosha vyombo kwenye hosteli ya watalii. Asubuhi moja mbeba chakula hakutokea, wakauliza jikoni nani anaweza kutembea. Nikasema mimi. Tangu nina miaka saba nilikuwa napanda na kushuka mlima na mzigo wa kuni kichwani, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Nikapewa buti za mwanaume, namba mbili zaidi ya mguu wangu, nikajaza soksi mbele, nikaondoka nazo.

Aliyeongoza safari ile, na aliyenifundisha kazi, ni Mzee Tluway, Mwiraqw mwenzangu, mrefu, mkimya. Alitembea polepole mpaka wageni wakawa wananong'ona kwamba mzee anaumwa miguu. Siku ya kwanza aliniambia, "Vero, ukiniona nakimbia, jua kuna nyati. Kama hakuna nyati, hakuna haraka." Kila tulipofika kambini, kabla hajakaa, alikuwa anamfuata mgeni mmoja mmoja na maswali yake. Umekula? Umekojoa? Watoto wako wanaitwa nani? Mgeni asiye na watoto alitaja mbwa. Kisha mzee alinyoosha kamba ya hema chini, moja kwa moja, na kumwambia mgeni atembee juu yake, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nachekea kwenye kanga. Kumwuliza mzungu wa umri wa baba yangu kama amekojoa, jamani!

Kicheko kiliniisha kwenye mlima Olmoti. Tulikuwa na mgeni mmoja, jitu la miraba minne, anacheza mpira kwao. Juu kule kichwa kikamgonga, akatapika, akasema ni chakula. Basi sawa, ni chakula. Lakini nilimwona anajaribu kuvaa glavu. Alikuwa anaisukuma tu kwenye mkono, tena na tena, anaitazama, anaanza upya, kama mtoto wa chekechea asubuhi ya kwanza. Mzee Tluway akasema, "Huyu anashuka." Mgeni akagoma. Alikuwa ameahidi rafiki zake picha. Mzee hakubishana naye hata neno moja. Alichukua begi la mgeni, lenye pasi ya kusafiria na kila kitu, akaanza kushuka nalo. Basi mgeni akafuata begi lake huku anatukana. Tulipokuwa tumeshuka kiasi cha saa moja na nusu matusi yakapungua, na tulipofika kwenye gari akauliza kama kuna bia.

"Dawa ni kushuka," mzee akaniambia. "Hivyo vidonge vingine ni vya kusindikizia."

Alinieleza yale ambayo ninyi mnafundishwa darasani siku hizi kwa picha za rangi. Kwamba kule juu hewa ni nyepesi, mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea, na ukiukimbiza, maji yanaingia mapafuni au kichwa kinavimba ndani, mtu anapepesuka na kusahau. Kwamba ugonjwa huu haujali nguvu za mtu wala umri wake. Kwamba unaanza na kichwa kuuma tu, na wengi huishia hapo, na ndiyo maana watu wanaudharau. Mimi nilichobaki nacho ni ile glavu. Hofu iliniingia siku ile na haikutoka. Kila safari nilipanda na roho mkononi, ingawa usoni nilikuwa nacheka na wageni na kuwaonyesha maua.

Mzee Tluway alipostaafu nilirithi safari zake. Jinsi nilivyorithi sina haja ya kusimulia; kulikuwa na barua, ikapotea. Kilichokuwa na uzito ni orodha. Ninyi wa sasa mnaitwa kwa simu na kompyuta, lakini wakati wangu mwongozaji ndiye aliyeandika kwa mkono majina ya mpishi, wabebaji na mwenye punda kwa kila safari. Ukiandikwa, umepata kazi. Usipoandikwa, unakaa stendi ya Karatu unahesabu magari. Na kulikuwa na desturi, sijui aliianzisha nani, kwamba mfanyakazi anayelalamika kuumwa mlimani haandikwi tena. Tulisema huyo ni laini, atatuangusha. Ugonjwa wa juu ni wa wageni. Sisi ni watu wa baridi, tumezaliwa huku. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mbebaji mmoja aliwahi kuniambia pale kijiji cha Nainokanoka, safari zinakoanzia, "Dada, kichwa kinanipasuka, naona giza." Nikamrudisha, vizuri kabisa. Safari iliyofuata sikumwandika. Wala iliyofuata hiyo. Wenzake waliona, na mimi nilijua wameona, nikadhani hiyo ndiyo nidhamu.

Sasa niwaambie habari ya Hamisi.

Hamisi alikuwa mpishi wangu kwa miaka mingi. Mrangi wa Kondoa kwa asili, amekulia Karatu mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Mtu mnene kidogo, mcheshi, anapika huku anaimba kaswida kwa sauti ya puani, na mkate wake wa kwenye sufuria wageni walikuwa wanaupiga picha kabla ya kuula. Ana watoto watatu. Wa mwisho, Zuhura, nilikwenda kumwona akiwa na wiki moja, nikapeleka sabuni na kanga, na siku ile Hamisi alinipikia pilau nikashindwa kuvaa viatu kurudi nyumbani.

Safari ninayosema ilikuwa ya Lolmalasin. Ni mlima mrefu kuliko yote kule, zaidi ya mita elfu tatu na mia tano, na sisi mara nyingi tulikuwa tunaishia chini yake. Safari hii wageni walitaka kupiga kambi karibu na kilele. Walikuwa wawili, mke na mume, walimu wastaafu kutoka Ufini, watu wa kuchekacheka, sisi tuliwaita Babu na Bibi nao wakafurahi. Hamisi alikuwa Mto wa Mbu wiki nzima, akimuuguza mama mkwe. Kule ni bondeni, joto, migomba. Asubuhi ya safari akapanda gari kutoka huko moja kwa moja, mimi na dereva tukashuka kumchukua Karatu, mchana tuko Nainokanoka. Wageni wangu niliwalaza siku mbili ukingoni mwa kreta wazoee. Mpishi nilimpandisha kama kifurushi.

Siku ya kwanza hakuimba. Nilidhani ana mawazo ya mama mkwe. Asubuhi ya pili alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nikamtania, "Hamisi, mapenzi hayo! Mkeo si umemwacha jana tu?" Akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Njiani alikuwa wa mwisho, anasimama, anajifanya kufunga kamba ya kiatu. Askari wa wanyamapori aliyetusindikiza, na bunduki yake moja, akaniambia baadaye kwamba alimwona Hamisi anameza vidonge. Alimwuliza, naye akajibu, "Malaria hii. Mbu wa Mto wa Mbu hawana adabu." Akawa amemeza dawa ya mseto ya malaria, na askari akaona ni jambo la kawaida. Hata mimi angeniambia ningeliona la kawaida. Kwetu mtu akitoka bondeni, kichwa kinauma na anatapika, hiyo ni malaria, hakuna mjadala. Ila mwenye malaria akikaa hapo hapo alipo, dawa itamfuata; ugonjwa wa juu dawa yake ni kushuka. Hamisi alikuwa anaitibu malaria huku anapanda.

Tulifika kambini saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka, unaona hema la tatu kwa shida. Nikafanya kazi yangu. Nikawauliza Babu na Bibi maswali yote, nikanyoosha kamba ya hema chini. Bibi akatembea vizuri. Babu akatembea kwa madaha, mikono kiunoni. Hapo Hamisi akatoka kwenye hema la jikoni na birika, kutuambia chai tayari. Bibi akapiga makofi, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kwenye kitabu, "Sasa mpishi! Mpishi naye!"

Hamisi akaweka birika chini. Akakanyaga kamba, hatua ya kwanza, ya pili, akaanguka ubavu. Wageni wakacheka. Akainuka, akarudi mwanzo, akakanyaga tena, akaanguka upande ule ule. Babu alikuwa anacheka mpaka anajipangusa macho. Na mimi nilicheka. Naandika hili kwa sababu niliahidi kuandika ukweli: mimi, mwenye miaka yote ile ya kazi, nilicheka, nikadhani Hamisi anatuchezea.

Halafu nikaona midomo yake. Ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Nilikaa naye chini. "Hamisi, wanao wanaitwa nani?"

"Dada Vero, na mimi tena?"

"Nitajie."

"Rashidi," akasema. "Mwanaidi."

"Na wa tatu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Dada, mimi ninao wawili."

Kichwani mwangu nilikuwa narudia Zuhura, Zuhura, kama vile nikiacha na mimi atafutika. Nikaweka sikio kwenye mgongo wake. Akivuta pumzi kulikuwa na mlio ndani, kama birika linaloanza kuchemka.

Kushuka mpaka gari lilipo ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye afya. Askari ni mmoja, bunduki moja, na sheria inasema wageni hawaachwi bila askari. Simu haikuwa na mtandao. Nikawaambia wageni tunashuka wote, sasa hivi, mahema yabaki. Nilitegemea maneno. Babu akasema tu, "Nivae viatu gani?" Mungu ambariki popote alipo.

Mwenye punda alikuwa Lekishoni, mfugaji wa Nainokanoka, mtu wa makamo. Aliwapakua punda wake wawili bila kuambiwa, akamsogeza yule mpole. Hamisi akagoma. Fahamu za kumjua mtoto wake hazikuwepo, lakini za kukataa punda zilikuwepo.

"Nipande punda? Mimi? Kama gunia la mahindi?"

"Gunia linafika," Lekishoni akamjibu. Akavua shuka lake moja la juu, na baridi ile, akamfunga nalo Hamisi kiunoni, akamkamata ubavu mmoja na mimi mwingine, tukaanza.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa naomba kwa sauti, Kiswahili kikiisha naingia Kiiraqw. Ukungu ulikuwa mbele na nyuma. Kila baada ya hatua chache nilimwita Hamisi, akajibu "eeh". Nikawa nasubiri ile "eeh" kwa hofu kubwa kuliko ninavyoweza kueleza, na kila ikija ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Nilikumbuka mkewe. Nilimwona kabisa amekaa mlangoni, mimi nafika na begi la nguo zake.

Tulipoingia kwenye mianzi, askari akainua mkono. Tukasimama. Upande wa kulia kitu kizito kilikuwa kinavunja mianzi, kra, kra, bila haraka. Nyati. Punda alikaza masikio. Askari akaandaa bunduki na kutunong'oneza tusitikisike, na mtu mwenye akili alitakiwa kumwogopa nyati. Mimi nilikuwa namchukia. Kila dakika aliyotusimamisha pale juu, maji yalikuwa yanapanda kwenye kifua cha Hamisi.

"Yeyo," Lekishoni akaninong'oneza, maana wao humwita hivyo mwanamke wa kuheshimiwa kama mama. "Huyu ameacha kujibu."

Nilimtikisa Hamisi. Hakujibu. Nikamfinya sikio kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, mpaka leo ana alama. Akagugumia. Nyati akavunja mwanzi mmoja wa mwisho na kuondoka zake, na sisi tukashuka kwa mwendo ambao Mzee Tluway angeukataa. Bibi alianguka mara mbili kwenye matope, akainuka na kuendelea. Jua lilikuwa bado halijazama tulipomwona dereva. Tukamkalisha Hamisi nyuma, wima, nikimshika kichwa, gari likaelekea Karatu.

Baada ya geti la hifadhi, Loduare, tukiteremka, alianza kupumua vizuri kidogo. Akafumbua macho, akatazama mashamba ya ngano, akanitazama mimi. Nikamwinamia. Nilitaka aseme Zuhura. Nilikuwa tayari kulia akisema Zuhura.

Akasema, "Dada, usinitoe kwenye orodha."

Nililia, lakini kwa sababu nyingine. Hospitali walimwekea oksijeni na daktari akatuambia wazi kwamba tungepiga usingizi kule juu tungemshusha akiwa maiti. Alikaa siku tano. Siku ya pili aliwataja watoto wote watatu, mpaka na majina yao ya utani, na akanilalamikia kuhusu sikio.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anachezea kile kifaa cha kupimia hewa walichombana nacho kidoleni. "Ningesema ungenirudisha," akasema. "Halafu ningekuwa kama yule mwenzetu wa Nainokanoka." Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mlima sikuupangia mimi urefu. Lakini kilichomfunga Hamisi mdomo kilikuwa ni kalamu yangu.

Nilimtafuta yule mbebaji wa zamani. Alikuwa fundi baiskeli pale sokoni. Nikamwomba radhi, akasema yameisha, ila kurudi mlimani hataki. Sikumlaumu.

Safari iliyofuata ilikuwa ya kreta ya Empakaai. Tulikuwa wafanyakazi wanane pamoja na mimi, Hamisi alikuwa bado anapumzika nyumbani. Tulipofika kambini, kabla sijawaendea wageni, nikakaa na wenzangu nyuma ya hema la jikoni, kwenye madumu ya maji. Nikawaambia orodha ya safari zijazo nimeshaiandika na majina yao wote yamo, kwa wino, nikawaonyesha daftari. Mwenye kuumwa leo au kesho jina lake litabaki pale pale. Kisha nikawaambia kwamba mimi mwenyewe kichwa kinaniuma tangu mchana. Ilikuwa kweli. Kilikuwa kinaniuma karibu kila safari, na sikuwahi kukisema hata kwa Mzee Tluway. Nikauliza nani mwingine kinamuuma.

Mtu mmoja akachokonoa moto. Mwishowe mbebaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, tuliyepanda naye tangu nikiwa na buti za kujaza soksi, akainua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika. Wa pili akainua. Kisha wa tatu, na wa nne akiwa anatazama chini.

Wanne katika saba. Niliwaogopea palepale, wakiwa wamekaa mbele yangu wazima.

"Tangu lini?" nikamwuliza yule wa kwanza. "Tangu asubuhi?"

Akashusha mkono, akajifuta matope kwenye suruali. "Dada Vero," akasema, "tangu safari ya kwanza."